Historia ya Sanaa: Istilahi za Msingi na Stadi za Kujibu Mtihani

Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yalivunjwa, na vinyago kadhaa vya Wamakonde vikaibwa. Mwaka uliofuata kimojawapo kilinunuliwa mjini Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, ambayo hayakujua kuwa yananunua mali ya wizi. Ilichukua robo karne mpaka makubaliano ya kukikabidhi kinyago hicho kwa Tanzania yalipotiwa saini mwezi Mei 2010. Mazungumzo ya namna hiyo hayawezi hata kuanza iwapo hakuna mtu awezaye kuthibitisha kwamba kitu kinachoonekana ughaibuni ndicho kile kilichokuwa kabatini nyumbani: ni mti gani, kimechongwa kwa namna gani, kina alama zipi, kilitoka kwa nani na lini. Kazi hiyo ya kuutazama mchongo, kuueleza kwa maneno yasiyo na utata na kuufuatilia katika wakati ndiyo historia ya sanaa.

Kwa wanafunzi wengi wa sekondari na vyuo, hata hivyo, somo hilo hujulikana zaidi kwa sura yake ya chumba cha mtihani, ambako mtahiniwa huwekewa picha ya kazi ya sanaa na kutakiwa kuichanganua, au hutajiwa mitindo miwili na kutakiwa kuilinganisha. Wengi huanguka kwa kukosa maneno, wala si kwa kukosa macho. Makala haya yanaeleza istilahi ambazo mwanafunzi hawezi kuzikwepa, na namna ya kuzitumia katika majibu, kwa kutumia mifano ambayo Mtanzania anaweza kuifikia.

Maneno ya kazi yenyewe

Istilahi ya kwanza ni jina la somo. Nchini Tanzania kazi zinazotazamwa kwa macho, yaani uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ufumaji na nyinginezo, huitwa kwa jumla sanaa za ufundi, ili kuzitofautisha na sanaa za maonesho kama ngoma na tamthilia. Ndani ya kundi hilo Kiswahili kina utajiri wa maneno na pia mitego yake. Neno kinyago hutumika kwa barakoa ivaliwayo usoni wakati wa ngoma, na hutumika vilevile kwa mchongo wa mpingo uuzwao mjini ambao hakuna aliyewahi kuuvaa. Neno kuchora hubeba kazi ya penseli na kazi ya brashi kwa pamoja. Mtahiniwa makini hatosheki na neno moja hapo. Ataandika “kinyago cha kuvaliwa usoni” au “mchongo wa kusimama wenye sura pande zote”, “mchoro wa mistari” au “picha ya rangi”. Aidha, kwa kuwa somo la sanaa katika shule za sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, ni busara kila istilahi ijifunzwe katika lugha zote mbili, Kiswahili kwa ajili ya kulielewa jambo na Kiingereza kwa ajili ya kuliandika.

Baada ya jina la kazi hufuata nyenzo na mbinu. Nyenzo ni kitu kilichotumika. Mbinu ni namna kilivyotumika. Mpingo ni nyenzo, na una sifa mbili ambazo mchongaji huzitumia: kiini chake ni cheusi na kigumu mno, ilhali tabaka la nje ni jeupe. Mchongo unaoacha ukanda mweupe kando ya weusi haukufikia hapo kwa bahati, ni uamuzi. Hali kadhalika, vinyago vya mapiko vinavyovaliwa katika ngoma za jando na unyago huchongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu ya wazi kwamba mchezaji anapaswa kukibeba kichwani huku akicheza. Nyenzo, kwa hiyo, hueleza matumizi. Jibu linalotaja nyenzo bila kueleza zilichofanya limeacha alama mezani.

Vipengele vya umbo ni mstari, rangi, umbo, nafasi, mwanga na kivuli, pamoja na unamu, yaani hali ya uso wa kitu unapouona au kuugusa, kama ni laini, wa kukwaruza au wenye vinundu. Kanuni za mpangilio ni zile zinazoeleza jinsi vipengele hivyo vinavyokaa pamoja: ulinganifu wa pande, uwiano wa sehemu na nzima, mkazo, na mdundo, ambao katika sanaa za ufundi ni kurudiarudia kwa umbo au rangi kiasi cha kuliongoza jicho. Wanafunzi huelekea kuikariri orodha hii kama shairi na kuimwaga yote kwenye kila jibu. Haina haja. Mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe wa Zanzibar utaelezeka vema kwa ulinganifu na mdundo. Kuuzungumzia kwa mwanga na kivuli kunawezekana, lakini si jambo la kwanza ambalo mlango huo unamwambia mtazamaji.

Uhalisia ni jitihada ya kukionesha kitu kama kinavyoonekana. Dhahania ni kazi isiyoonesha kitu kinachotambulika, au iliyokiondoa mbali sana na sura yake. Kati ya ncha hizo mbili ndipo palipo sehemu kubwa ya sanaa ya Afrika Mashariki, na ndipo wanafunzi wanapoteleza kwa kudhani kwamba kisichofanana na picha ya kamera kimechorwa na asiyejua. Katika michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu wekundu wamerefushwa miili na kupunguzwa kuwa mistari michache, ilhali wanyama kadhaa jirani yao wamechorwa kwa uangalifu wa maumbile unaomwezesha mtazamaji kuwatambua mara moja. Mkono uliojua kumchora mnyama hivyo ungeweza kumchora mtu hivyo pia. Ulichagua kutofanya hivyo. Swali la mtihani liulizalo “kwa nini?” linaanzia hapo.

Mtindo ni jumla ya tabia zinazorudi katika kazi za mtu, kundi, mahali au kipindi. Mfano ulio wazi kuliko yote nchini ni wa Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932, akaanza kuchora mwaka 1968 jijini Dar es Salaam na kufariki mwaka 1972. Alitumia rangi ya mafuta yenye kung'aa, ya aina ipakwayo kwenye baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba. Wanyama na ndege wake hujaza ubao, hawana kivuli, na huwa na madoa na mistari inayojirudia. Alifundisha ndugu na jamaa, nao wakaendelea baada yake hadi jina la mtu likawa jina la mtindo. Hapa pana tofauti ambayo watahini huipenda: kazi ya Tingatinga na kazi ya mtindo wa Tingatinga ni vitu viwili. Picha iliyochorwa mwaka 1980 haiwezi kuwa ya kwanza, hata ikiwa nzuri kiasi gani, kwa kuwa mwenye jina alikwisha kufariki miaka minane kabla. Kuipa kazi mwenyewe huitwa kuhusisha kazi na msanii, na huhitaji ushahidi wa saini, nyenzo, tarehe na ulinganishaji.

Ikonografia ni usomaji wa maana za picha: alama, watu na visa vinavyotambulika na jamii husika. Mwanahistoria Erwin Panofsky, katika kitabu chake cha mwaka 1939, aligawa usomaji huo katika ngazi tatu. Kwanza ni kutambua vitu vilivyomo, pili ni kutambua mada kwa mujibu wa desturi, na tatu ni kueleza kazi hiyo inadhihirisha nini kuhusu fikra za zama zake. Ngazi hizo zinafaa sana kwa michongo ya Wamakonde iitwayo ujamaa. Kwa macho tu, ni nguzo ya mpingo yenye watu wengi waliopandiana, kila mmoja akimshikilia mwingine. Kwa desturi, ni ukoo: aliye juu au chini humaanisha mzazi au mhenga, na waliomzunguka ni uzao wake. Katika ngazi ya tatu mwanafunzi atakumbuka kwamba neno ujamaa lilibeba pia siasa ya taifa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kwamba wachongaji wengi walikuwa wamehamia kutoka Msumbiji na walikuwa wakiuza kazi zao katika soko la mjini lenye wanunuzi wageni. Mchongo uleule, basi, una ukoo, siasa na biashara ndani yake. Kuuita “sanaa ya kale ya kimila” ni kosa la tarehe, na ndilo kosa linalojirudia mno katika maandishi kuhusu Wamakonde. Michongo ya mpingo ya aina ya ujamaa na shetani ni zao la karne ya 20.

Muktadha ni mazingira ya kihistoria, kidini, kiuchumi na kijamii yaliyoizunguka kazi. Aliyeagiza au kugharamia kazi ni sehemu ya muktadha huo. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jengo la karne ya 14 lililohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, haliwezi kuelezwa bila biashara ya dhahabu iliyomwezesha sultani kujenga kasri lenye bwawa la pembe nane ukingoni mwa bahari. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, baadhi ya kuba zilipambwa kwa vyombo vya kaure vya Uchina vilivyopachikwa kwenye chokaa. Mtahiniwa akiandika tu kwamba vyombo hivyo “vinapendeza”, ameliacha jibu nje ya mlango. Vyombo hivyo ni ushahidi wa njia ya bahari.

Mwisho katika kundi hili ni historia ya umiliki, yaani mlolongo wa mikono ambayo kazi imepitia tangu ilipotengenezwa. Kinyago kilichotajwa mwanzoni mwa makala haya kingeweza kukaa Ulaya daima kama mlolongo huo usingefuatiliwa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaohusu kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni umeifanya istilahi hii kuwa ya kisheria pia, na mwanafunzi anayeielewa vema amejifunza jambo litakalomfaa nje ya darasa, iwe makumbusho, forodhani au mnadani.

Tarehe, na mtego wa Kizimkazi

Karne husumbua kuliko inavyopaswa. Karne ya 14 ni miaka ya 1301 hadi 1400, wala si miaka ya 1400. Pwani ya Afrika Mashariki huongeza ugumu wa pili, kwani maandishi mengi ya majengo na makaburi yana tarehe za Hijria. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria. Mwanafunzi wa haraka hujumlisha 622 na kupata 1122. Amekosea, kwa sababu mwaka wa Hijria hufuata mwezi na ni mfupi kwa takriban siku 11. Kanuni ya kukadiria ni kuzidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha kujumlisha 622: 500 mara 0.97 ni 485, na jumla ni 1107. Huo ndio mwaka unaokubalika.

Msikiti huohuo unafundisha jambo zito zaidi. Jengo linaloonekana leo lilijengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 18, ilhali maandishi yale yalihifadhiwa kutoka jengo la awali. Tarehe ya sehemu si tarehe ya nzima. Jibu linalosema “msikiti huu ulijengwa mwaka 1107” lina ukweli ndani yake na bado halijakamilika. Lililo sahihi litasema maandishi ni ya mwaka 1107 na kuta nyingi ni za baadaye.

Pale ambapo tarehe haijulikani kwa uhakika, jibu sahihi ni kueleza mpangilio. Kwa Kondoa, umri wa michoro mikongwe bado ni mjadala miongoni mwa wataalamu, lakini panapoonekana mchoro mweupe juu ya mwekundu, hapana mjadala kwamba mweupe ulikuja baadaye. Mtahiniwa anayeandika hivyo hupata alama zaidi ya anayebuni namba.

Kusoma swali

Kila swali lina kitenzi kinachoamuru, na alama hufuata kitenzi hicho. “Taja” hudai majina tu. Aya tatu za maelezo hapo ni kupoteza muda. “Eleza” hudai jambo lilivyo, na “changanua” hudai sehemu na jinsi zinavyofanya kazi pamoja. “Linganisha” huhitaji kazi mbili ziwe katika sentensi moja, au angalau katika aya moja. “Tathmini” na “jadili” hudai msimamo unaotetewa kwa ushahidi, ukiwemo ushahidi unaoupinga. Wanafunzi wengi huandika jibu la “eleza” kwa swali la “changanua”, na hushangaa matokeo yakitoka.

Kwa picha ambayo mtahiniwa hajawahi kuiona, njia iliyozoeleka ni ile iliyofafanuliwa na mwalimu wa sanaa wa Marekani, Edmund Feldman, yenye hatua nne: kueleza, kuchanganua, kufasiri na kutoa hukumu. Faida yake ni kuizuia hukumu isitangulie. Mfano wa jibu dhaifu kuhusu picha ya chui ya mtindo wa Tingatinga ni huu: “Picha hii ni nzuri na inaonesha wanyama wa Afrika. Msanii ametumia rangi nyingi.” Hakuna neno hapo lisiloweza kusemwa kuhusu picha nyingine elfu.

Jibu imara lingekuwa hivi: “Chui amejaza karibu ubao wote wa mraba, na mkia wake umekunjwa ili usivuke ukingo. Mstari wa mwili ni mzito na hauna kivuli, hivyo mnyama anaonekana kana kwamba amebandikwa juu ya mandhari ya rangi moja. Madoa yake yanarudiwa kwa ukubwa unaolingana na kujenga mdundo unaolipeleka jicho kutoka kichwani hadi mkiani. Kwa kuwa rangi ya mafuta inayong'aa haichanganyiki kirahisi ubaoni, msanii ametegemea rangi bapa na mipaka iliyo wazi. Nyenzo zimeshiriki kuuzaa mtindo.” Sentensi tano, na karibu kila moja ina kitu kilichoonwa pamoja na athari yake. Kanuni ni hiyo: nilichokiona, kisha kinafanya nini.

Kulinganisha kuna historia yake. Mwanahistoria wa Uswisi Heinrich Wölfflin aliujenga mwaka 1915 mfumo mzima wa kusoma sanaa kwa jozi za sifa zinazopingana, na desturi ya kuonesha picha mbili sambamba darasani inahusishwa naye. Jozi inayofaa sana kwa mwanafunzi wa Tanzania ni Tingatinga na Sam Ntiro. Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 Kilimanjaro, alisoma Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937, kisha Chuo cha Slade mjini London. Baadaye alikuwa Balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ulinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York mwaka 1960. Tingatinga hakupata mafunzo ya chuo, na aliziuza kazi zake kando ya barabara, Oysterbay.

Mtego wa jozi hii ni kuishia kwenye wasifu, mmoja msomi na mwingine asiye msomi. Ulinganishaji wenye alama huanza ubaoni. Wote wawili hurahisisha umbo na wote hukwepa vivuli vizito, licha ya mmoja kupita katika chuo kilichofundisha vivuli. Lakini Ntiro huwaweka watu wengi wadogo ndani ya mandhari pana, wakifanya kazi kwa pamoja, na ardhi huinuka nyuma yao. Tingatinga humtoa mnyama mmoja katika mandhari na kumleta mbele mpaka agusane na ukingo. Cha kwanza ni kisa cha jamii, cha pili ni taswira ya kiumbe. Baada ya hapo ndipo swali la mafunzo na soko linapoingia, likiwa na kitu cha kueleza.

Muda ni hesabu nyepesi ambayo watahiniwa wengi hawaifanyi. Katika mtihani wa saa tatu wenye alama 100, mtahiniwa akitenga dakika 15 za kusoma maswali na 10 za kupitia majibu, hubaki na dakika 155, sawa na takriban dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama 20 ni dakika 31. Anayelitumikia kwa dakika 50 kwa sababu analipenda atalilipia kwenye swali la mwisho, na alama za mwanzo za swali ambalo halijaguswa daima ni rahisi kuzipata kuliko alama mbili za mwisho za swali lililokwisha kujibiwa.

Maandalizi bora hufanyika mbele ya kazi zenyewe. Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, miamba ya Kolo wilayani Kondoa, magofu ya Kaole huko Bagamoyo na yale ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara hupokea wageni, zikiwemo shule. Mwanafunzi aende na daftari na penseli kabla ya simu. Picha ya simu hupigwa kwa sekunde moja na husahaulika. Kuuchora mlango mmoja kwa dakika 20, hata kwa mkono usio hodari, humlazimisha mtazamaji kuhesabu maua ya nakshi, kuona kwamba upande wa kushoto na wa kulia havilingani kabisa, na kuuliza fundi alianzia wapi. Kila mchoro wa daftarini uandikwe pembeni jina la mahali, tarehe ya ziara, nyenzo, kipimo cha kukadiria na jambo moja ambalo halikueleweka, ili mwalimu aulizwe kabla ya mtihani.